Pantaleo Mageni na Zile Moja Kumi na Moja

Ndugu waombolezaji, Tumsifu Yesu Kristo. Mdogo wangu Pantaleo alizaliwa Bugarama tarehe 27 Julai 1938, siku ya mtakatifu somo wake, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Mageni na Mama Philomena.

Alimaliza darasa la nane mwaka 1954, akaenda chuo cha ualimu. Kuanzia Januari 1959 alifundisha hesabu hapa Masumbwe, wala hakuhama.

Alifunga ndoa na Mbuke binti Herman, wa Bulyanhulu, tarehe 12 Septemba 1970. Watoto hawakujaliwa.

Mwaka 1971 aliandika ubaoni moja tatu, 111, akaonyesha darasa kuwa ni 3 mara 37. Moja nne ni 11 mara 101. Moja tano ni 41 mara 271. Zote zilivunjika mpaka alipofika moja kumi na moja, 11,111,111,111. Hiyo ikagoma. Kila Jumamosi alikaa barazani na daftari akiigawanya. "Inanichosha hii," alisema, na Jumamosi ifuatayo anaanza tena.

Hapa nina neno zito. Agosti 1974 nilikuja kuwatembelea. Nikiwa uani nilimsikia akimwambia Mwalimu Stanslaus, "Mwaka wa tatu huu nahangaika. Nadhani ni tasa."

"Jaribu jaribu tu, Panta," akajibiwa.

Mimi niliishia darasa la nne. Tasa niliyemjua ni mwanamke. Nikampelekea baba habari, naye akaja akamrudisha Mbuke kwao na sanduku lake.

Pantaleo akaniambia, "Dada, tasa ni namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Nilikuwa nasema namba." Akapanda baiskeli na daftari mpaka kwa mkwewe. Mzee Herman akazitazama zile moja.

"Binti yangu kafukuzwa kwa ajili ya fito hizi?"

"Ndiyo, baba."

"Mchukue. Fito ziache huku."

Alimchukua mke, na daftari pia.

Wifi yangu alinisamehe. Neno ndilo halikurudi. Nimelikanusha kanisani, kisimani, sokoni, mpaka nimechoka. Hata jana, jikoni kwenye msiba huu, limesemwa: "Huyo tasa arudi kwao, nyumba ni ya ukoo."

Figo zilianza kumsumbua Juni 1985. Mkono ulipolegea, yeye aligawanya kichwani, Mbuke akaandika. Walifika kugawanya kwa 19,997, ikakataa. Alisema ilimpasa afike laki moja na elfu tano na ushee ndipo aape kuwa ni tasa. Hilo lilimuudhi kuliko maumivu. "Dada," aliniambia, "hata namba niliiita tasa mapema. Mpaka leo sijui." Alifariki Jumanne, tarehe 4 Machi 1986.

Ameacha mjane, Mbuke. Dada mmoja, mimi Paskalina. Na wadogo wawili, Marcel na Donatus, ambao juzi waliniuliza funguo za nyumba. Funguo ninazo. Nikimaliza kusoma namkabidhi Mbuke, hapa kaburini, mkiona wote.

Bwana ampokee mwalimu wetu, ampe pumziko la amani.