Kamba Iliyofungwa kwenye Kiti Changu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye pia ni Kamanda wetu wa Polisi wa Wilaya, Mwalimu Mkuu Bwana Magidu, Shehe na Mchungaji, ambao leo mmekubali kukaa benchi moja, maafande wenzangu mlio kazini na mliostaafu, wazazi kutoka kambi ya polisi, Namatala na Nakaloke, wanafunzi wangu, na wewe mamba wa mbao uliyefunikwa kitambaa pale mezani, ambaye wote tunajifanya hatujui kuwa ni zawadi yangu: nawasalimu kwa heshima zenu zote.

Leo, mwaka huu wa tisini na tisa, mimi Gaster Wamboga nastaafu upolisi. Leo hii hii wanafunzi kumi na wanane wa darasa la utafiti ninalolifundisha hapa shuleni wanapewa vyeti kwa kuandika insha zitakazosomwa kwenye intaneti, kwa kompyuta yetu moja, kwa waya wa simu ya ofisi, mradi asitokee mtu wa kupiga simu. Mwalimu Mkuu amenipa dakika kumi nieleze mwanafunzi anahitaji ujuzi gani ili aandike insha ya namna hiyo. Nitaeleza. Yeye atajuta.

Ndugu zangu, tulipoanza, kompyuta ilikuwa bado haijafika. Tulifanya nini? Tulibandika insha kwenye ukuta wa bwalo hili, tukaleta kamba za katani. Kila jambo unalodai unalifunga kamba, na kamba inakwenda hadi pale ulipolipata: kwenye kitabu, kwenye gazeti, au kwa mtu. Aliyeandika jinsi malewa, yale machipukizi ya mianzi, yanavyokaushwa, kamba yake ilipita dirishani ikaishia jikoni kwa bibi yake, na kwa wiki mbili bibi yule aliiruka kila alipokwenda kuchota maji. Mkaguzi wa shule alipokuja, alinaswa shingo na insha ya kahawa. Nami nikawaambia wanafunzi: uliza watu wawili, si mmoja; wakipingana, tafuta karatasi, wala usimwamini mtu kwa sababu ya nyota za begani. Maneno hayo niliyasema mimi, kwa sauti kubwa, nikiwa na nyota begani.

Sasa, ni nani katika bwalo hili asiyejua habari ya mamba? Mwaka wa themanini na tatu, nikiwa konstebo Jinja, mamba alitoka mtoni akaingia kituoni, nami nikamwamuru asimame, akasimama. Ndivyo nilivyosimulia kwa miaka kumi na sita. Nilipokuwa konstebo mamba huyo alikuwa na urefu wa mita mbili. Nilipopata usajini alifika nne. Nilipokuwa inspekta alikuwa amekwisha kula baiskeli, na nadhani ningepandishwa cheo tena angelazimika kummeza na mwenye baiskeli. Timu yetu ya mpira inaitwa Mamba. Mimi mwenyewe naitwa Afande Mamba, hata na mke wangu, tukiwa na wageni.

Ndipo Zahara wa kidato cha tatu, mjukuu wa askari, aliyezaliwa na Kiswahili mdomoni, akaja kwangu. Akasema, "Afande, nataka kuandika habari yako, dunia nzima iisome." Nilifurahi mno. Nilimpa picha zangu mbili.

Kisha akafanya nilichomfundisha. Alipanda taksi hadi Jinja, akaomba kituoni kitabu cha matukio cha mwaka ule. Mheshimiwa, nani alijua kitabu kile bado kipo? Mimi nilitegemea mchwa. Kimeandikwa hivi, nimekariri: "Saa nne asubuhi. Kenge ameingia jikoni. Ametolewa na mpishi. Saa sita mchana. Konstebo Wamboga ameshuka kutoka juu ya kabati."

Zahara hakutosheka na karatasi. Alimtafuta mpishi. Mama Gorreti siku hizi anauza nyanya sokoni Nakaloke, na yuko hapa leo, safu ya tatu, ananitazama vilevile alivyonitazama siku ile. Alimwambia Zahara: "Mamba gani, nyabo? Ile ilikuwa kenge tu. Mimi nilipiga yeye na mwiko ya kusonga posho, ikakimbia. Huyu Wamboga iko juu ya kabati, analia mama yake. Nasema shuka, yeye anauliza, imeenda kweli?"

Bwana Magidu, kwa kunipenda, akamwambia Zahara amwondoe kenge kwenye insha au akose cheti, maana watu wa Norwe watakaoisoma kwenye intaneti watatucheka. Nami nilifanya nini? Nilifanya vibaya zaidi. Nilimwita nikamwambia, "Mwanangu, mambo mengine ni siri ya serikali." Machozi yakamlenga, akasema, "Afande, kila sentensi nimeifunga kamba. Imebaki moja tu, inayosema wewe mwenyewe umekubali."

Wiki nzima nimeona aibu. Pale mezani kuna vyeti kumi na saba. Na nilipokaa kwenye kiti hiki cha heshima, nimekuta mguu wake mmoja umefungwa kamba. Inatoka hapa, inapita chini ya Shehe, inapanda ukutani hadi kwenye insha ya Zahara. Wengi mmeiruka mkidhani ni pambo la sherehe.

Basi, Mheshimiwa, naomba sasa unisikilize kama afande, si kama mgeni. Mimi, Inspekta Gaster Wamboga, nikiwa na akili timamu, bila kulazimishwa na mtu yeyote isipokuwa binti wa kidato cha tatu, nathibitisha: alikuwa kenge. Hakuwa mkubwa. Nilikaa juu ya kabati saa mbili.

Bwana Magidu, kitoe kile cheti kwenye mfuko wa koti. Naona ncha yake. Mgeni Rasmi, kipige muhuri. Mama Gorreti, nisamehe. Njoo umchukue mamba huyu wa mbao, ni wako tangu mwaka ule. Jina la timu litajadiliwa na kamati.

Na wewe Zahara, bonyeza kitufe kabla simu haijalia. Ila ongeza kwamba kabati lilikuwa refu sana, mtu wa kawaida asingeweza kulipanda. Hapana, ngoja. Usiniamini. Nenda Jinja kalipime.

Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza leo, na zaidi kwa miaka kumi na sita mliyoniamini bure. Asanteni.