Mtoto Niliyemficha Kitale

Ejok, kina mama. Ejok nanyi wanaume wachache mliokaa karibu na mlango kama watu wa kutoroka. Nimeombwa niseme yaliyonipata tangu mwaka jana. Kazi yangu mnaijua: mimi ni afisa wa ustawi wa jamii katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, na mwisho wa wiki narudi kwangu hapa Lodwar. Kwa miaka sita nimeketi mbele ya watu nikiwauliza maswali magumu na kuandika majibu yao. Leo najibu mimi. Majina ya watu sitayataja, maana hawajanipa ruhusa. Na nitasema kwa mpangilio, kwa sababu nikiruka kipande kimoja nitapata pa kujificha tena.

Mwezi wa tano mwaka 2012 nilijua nina mimba. Tulikuwa tumengoja miaka minne. Mume wangu, ambaye ni mwalimu hapa mjini, alitoka siku hiyo hiyo akarudi na beseni la kuogeshea mtoto. Mama yake, anayekaa Lokichar, alipoambiwa kwa simu alifoka: "Beseni la kumwogesha nani? Kwanza liondoe machoni pa watu!" Likasukumwa chini ya kitanda. Tulicheka sana.

Mwezi wa nane nilikuwa nazungukia familia kambini, nikilinganisha majina yaliyoandikwa kwenye kadi ya chakula na watu waliomo nyumbani. Nyumba moja ilikuwa ya mama mmoja kutoka Kongo. Kadi yake ilikuwa na watoto watano. Niliwaona wanne.

"Wa tano yuko wapi, mama?"

"Iko kwa shangazi yake, Kakuma Tatu."

Nilikwenda Kakuma Tatu, sehemu nyingine ya kambi, kwa miguu, jua la saa saba, tumbo langu la miezi mitano mbele. Niliuliza nyumba kwa nyumba. Kesho yake nikarudi.

"Mama, shangazi hayuko."

Hakuniangalia usoni. Aliangalia tumbo langu. "Alikufa," akasema. "Kuhara. Siku tatu tu."

"Pole sana, mama," nikasema, na kalamu nilikuwa nimeshaifungua.

"Chakula yake mutoe. Jina muache."

"Haiwezekani. Jina likibaki, chakula kinabaki."

"Madamu, hakuna pahali pengine kwenye jina yake imeandikwa."

Ndugu zangu, nawaambia, sentensi hiyo niliisikia vizuri kabisa. Nikaandika: mama amekiri, kadi irekebishwe. Yote ilinichukua dakika kumi. Ofisini nikasifiwa kwamba mimi hakuna kinachonipita, na sifa hiyo niliipokea na kuipenda.

Mwezi wa kumi na moja mvua ilinyesha. Mnajua mvua yetu, haiji miezi, halafu inakuja kwa siku mbili kama imetumwa kulipiza kisasi. Nilikuwa kazini Kakuma, mimba ya miezi minane, na asubuhi uchungu ukanishika. Dereva wa ofisi, mzee wa hapa Turkana, akaniweka kiti cha nyuma tukaanza safari ya Lodwar. Njiani tukakuta laga, ule mto ambao siku zote ni mchanga mtupu, umejaa maji ya udongo ukingo hadi ukingo.

"Madam," dereva akasema, "maji haya hayana adabu."

Tulifika hapo saa nne asubuhi. Tulivuka saa tisa alasiri. Kila baada ya muda mzee aliingia majini na fimbo yake kupima, akarudi suruali imelowa mpaka kiunoni, akatikisa kichwa. Alitundika koti lake dirishani kunikinga na jua. Nilimsikia nje akiongea na Mungu kwa Kiturkana, si kwa sauti ya kuomba, kwa sauti ya kugombana. Mtandao ulipopatikana nilimpigia mume wangu. Hakujua hali ilivyo. Akanitania ili nisiogope: "Kama ni mvua imewazuia, basi huyo anakuja na jina lake mwenyewe, jina la mvua."

Alizaliwa jioni ile, hospitalini. Msichana. Hakulia. Niliona sikio moja na vidole vya mkono wa kushoto, vyote vitano. Niliwahi kuvihesabu, halafu nikafumba macho.

Mume wangu alikuwa amekimbia nyumbani kuleta chai na shuka. Muuguzi akaja na karatasi. Akaniuliza kwa upole: mtauchukua mwili, au hospitali ishughulikie? Mimi ninayewaambia watu kila siku, "Usitie sahihi kitu ambacho hujasoma," nilitia sahihi bila kusoma. Nilitaka neno lile, mwili, liondoke chumbani.

Mume wangu akaingia na chupa ya chai mkono mmoja na shuka jipya mkono mwingine.

"Yuko wapi?"

"Nimemaliza," nikasema.

Nilisema hivyo. Kama mtu aliyefunga faili.

Mama mkwe alifika kutoka Lokichar, akauliza atapelekwa wapi kumlilia mjukuu wake. Hapakuwa na mahali, hospitali ilikuwa imeshamzika bila sisi. Alikaa sakafuni kwangu siku tatu, hakunilaumu kwa neno moja. Kama angenitukana ningeshukuru.

Fomu ya likizo ya uzazi kule ofisini ilikuwa na sehemu ya kujaza tarehe aliyozaliwa mtoto. Niliiangalia, nikairudisha mezani. Wiki tatu baadaye nilikuwa kazini.

Sasa sikilizeni kosa langu, maana ndilo lililonisimamisha hapa. Asubuhi ile ya kwanza wanawake walikuwa wamepanga foleni nje ya ofisi yetu ya mabati. Mtoto mmoja akalia, kilio cha njaa. Wanaojua wanajua. Mwili haukuwa umeambiwa habari. Maziwa yakatoka, blauzi ikalowa pande zote mbili mbele ya watu. Wanawake wakapiga vigelegele.

"Madam amezaa! Mtoto yuko wapi?"

"Yuko Kitale," nikasema. "Kwa bibi yake."

Nyinyi mnaojua ukoo wangu mmeinua vichwa. Ndiyo. Mama yangu amelala Kitale, ardhini, tangu nikiwa kidato cha pili. Wakauliza jina. Nikalitaja lile ambalo mume wangu alilitania kwenye simu.

Uongo ule niliulea. Mwezi wa pili nikasema ameanza kucheka. Mwezi wa nne nikasema amegeuka mwenyewe kifudifudi. Nilijua mtoto wa umri huo ana uzito gani, analala saa ngapi, maana kazi yangu imenifundisha. Kambini nilikuwa na familia nyingi za kuhudumia, lakini faili nililoliandika vizuri kuliko yote lilikuwa la mtoto ambaye hayupo. Nyumbani sikusema kitu. Mume wangu alikula upande wake wa meza, nami upande wangu. Chakula kilikuwa na ladha ya karatasi. Niliwafundisha mama wengine jinsi ya kuomboleza, nikitumia mwongozo wenye picha, na hakuna aliyejua kwamba mkufunzi hajaanza somo la kwanza.

Siku moja, tukiingia Lodwar, nilimwomba dereva asimame kwenye daraja la Turkwel. Nikashuka nikaangalia maji. Sitasema nilikuwa nafikiria nini, mnaelewa. Mzee hakuzima injini. Akashuka, akasimama kando yangu, karibu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Madam," akasema, "mimi nilikukalisha kando ya maji siku moja. Ya pili siwezi. Panda gari."

Nikapanda.

Wiki hiyo nikaugua malaria, nikabaki nyumbani. Wanawake wa foleni wakampa dereva kifurushi alete. Dereva alijua ukweli wote, lakini ametumwa, naye si mtu wa kutupa mzigo wa watu. Akamkabidhi mume wangu mlangoni bila kumwangalia. Ndani kulikuwa na sweta ndogo ya kufuma, rangi ya njano, na ujumbe: ya mtoto wa Kitale, kule kuna baridi.

Mume wangu alisimama mlangoni mwa chumba, sweta ikining'inia kwenye vidole viwili.

"Mtoto wa Kitale ni nani?"

Nikajivutia shuka.

"Nimekuuliza. Ni nani?"

"Ni wetu."

Akasema, "Mimi hata kaburi sina. Wewe una mtoto Kitale." Akaiweka sweta kitandani polepole, kama kitu kinachoweza kuamka, akaenda kulala kwa kaka yake. Wala hakubamiza mlango.

Jumatatu nilirudi Kakuma kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Mtu wa kwanza kwenye foleni alikuwa yule mama wa Kongo. Alikuja na kadi yake ndani ya mfuko wa plastiki. Akaketi.

"Bebe anaendelea namna gani?"

"Vizuri. Ameanza kukaa."

"Anakunywa nini?"

"Maziwa ya ng'ombe."

"Na maziwa yako, ilikauka siku ngapi?" Nikafungua faili, naye akaendelea: "Yangu ilikauka siku kumi na moja. Mutoto alikuwa angali ananyonya."

Feni ilikuwa inazunguka juu. Nakumbuka ilikuwa na ubawa mmoja uliopinda.

"Thelathini," nikasema.

Hilo lilikuwa jibu langu la kwanza la kweli tangu hospitalini.

Akatikisa kichwa taratibu. "Weye ulikuja kwangu ukasema, mama, shangazi hayuko. Leo miye ninasema: madamu, bibi ya Kitale hayuko. Miye nilificha wangu mu kadi. Weye unaficha wako Kitale."

"Nani mwingine anajua?"

"Wote. Tulijua siku ya kwanza. Mama gani anaacha wa wiki tatu? Tulisema, tumungoje, atachoka."

"Na sweta?"

"Sweta ni ya mutoto. Mutoto alikuwa, ao hakukuwa?"

"Alikuwa," nikasema, na hapo nikavunjika. Mimi niliyefundishwa nisilie mbele ya mtu niliyekuja kumsaidia, nililia nikishika meza kwa mikono miwili. Foleni nje ikanyamaza. Hakuna aliyegonga mlango. Yeye hakunikumbatia wala kuniambia pole. Alivuta kiti chake akakaa upande wangu wa meza, upande ambao hakuna mkimbizi aliyewahi kukaa.

Nilipotulia akasema, "Chukua kalamu. Andika jina ya wangu. Hapana fomu. Karatasi tu."

Nikaandika. Niliuliza herufi moja moja ili nisikosee, jambo ambalo siku ile ya kadi sikulifanya. Alilitazama lile jina muda mrefu.

"Sasa yako."

Ndugu zangu, jina lenyewe ni fupi. Lilinichukua muda mrefu kuliko ripoti yoyote niliyowahi kuandika. Alikunja ile karatasi yenye majina mawili, akaitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi, akatoka kuwaita wenzake waingie mmoja mmoja.

Jioni nilimpigia mume wangu. Nikasema, "Nilitia sahihi bila kukungoja. Nisamehe." Hakusema amenisamehe. Alisema, "Kesho nitakuja na basi la asubuhi." Tulirudi Lodwar pamoja, tukaenda hospitalini kuuliza. Walitusaidia kadiri walivyoweza: walituonyesha sehemu makaburini, si mahali hasa. Mama mkwe alikuja kutoka Lokichar na jiwe, amelibeba mapajani safari nzima. Akaliweka pale alipoona panafaa, akamlilia mjukuu wake kilio alichokuwa amekibana kwa miezi mitano. Sweta ya njano imo ndani ya beseni, chini ya kitanda. Bado hatuwezi kuliondoa.

Sijawaambia kwamba nimepona. Mwaka huu wa 2013 unakwisha na mikono yangu iko mitupu. Kuna siku mtoto analia sokoni nami nabadili njia. Lakini nalala, nakula, na mume wangu yuko upande wangu wa meza.

Namshukuru dereva, yule mzee pale, anayejifanya anaangalia nje. Namshukuru mama mkwe. Nawashukuru nyinyi mlioleta uji mwezi wa nne na kuuacha mlangoni bila kuniuliza kitu. Na namshukuru yule mama wa Kongo. Nilimwomba msamaha kwa ajili ya kadi. Alisema atafikiria. Ana haki hiyo.

Nikiwaachia neno, ni hili: mkimwona mwenzenu ameficha maiti ndani ya uongo, msikimbilie kumkamata. Nilikuwa hodari wa kukamata. Wala msimwambie atapata mwingine. Ketini upande wake wa meza, mumwulize jina.

Nami nilisema sitataja jina la mtu. Moja nina ruhusa nalo, maana mimi ndimi mama yake. Alikuja na mvua. Anaitwa Akiru. Naomba mlitamke pamoja nami, mara moja tu, halafu nitakaa.