Nathanaeli, Mume wa Tabitha, Baba wa Elieshi

“Dada, mtoto usimtaje, tutachekwa msibani,” ndivyo Abdiel, ndugu wa marehemu, alivyomwambia dada yao Tabea leo asubuhi, mbele ya wanawake waliokuwa wanamenya ndizi, na Tabea akamjibu, “Wacha wacheke, wewe umekuja kuzika au kukagua mimba za watu?” kwa hiyo, waombolezaji, historia ya ndugu yao inasomwa yote kama Tabea alivyoitamka.

Nathanaeli alizaliwa hapa Poli, Meru, tarehe 14 Agosti 1955, Tabea ndiye aliyembeba mgongoni, akasoma mpaka darasa la saba mwaka 1970, na mwaka 1973 akapata kazi ya kuendesha mashine ya picha kwenye jumba la sinema Arusha mjini.

Desemba 1978 alikwenda vita vya Kagera, Aprili 1979 kipande cha bomu kikamuumiza chini ya kitovu, akarudi anatembea, lakini daktari alishamwambia kuzaa basi, akaanza kunywa, tusifiche, na siri hiyo alimpa Tabea peke yake, Abdiel aliijua kwa kuchungulia cheti cha hospitali.

Mwaka 1981 mchumba wake Tabitha, wa Levolosi, alichoka kuuliza mbona harusi inasogezwa, naye Nathanaeli kusema hawezi, akawaita Tabitha na Tabea sinema waone picha moja ya zamani, ya Wazungu waliotoka vitani, wanazurura nchi za watu, wanakunywa, wanagombana, hawana pa kurudi, na mmoja wao ameumia palepale, anampenda mwanamke na mwanamke anampenda, lakini ndoa haiwezekani. Tabea alidhani ni walevi tu. Nathanaeli akaiacha mashine inazunguka, akashuka, akainama nyuma ya kiti cha Tabitha, “Yule ni mimi. Ukitaka kwenda, nenda kabla taa hazijawaka, nisikuone.” Taa ziliwaka, Tabitha yupo, analia, “Yule mwanamke mjinga. Wewe panga harusi.”

Walifunga ndoa tarehe 17 Aprili 1982, na mtoto, Elieshi, alizaliwa tarehe 3 Juni 1986, Nathanaeli akalala jikoni miezi mitatu bila kumsemesha mkewe, lakini siku ya ubatizo alimbeba mwenyewe, mchungaji alipouliza baba ni nani akataja jina lake mwenyewe, mpaka kina mama wa nyuma wakageukiana. Ndama akizaliwa bomani, haulizwi dume ni lipi.

Mwaka 2021 jeraha la zamani lilimrudia, kibofu kikaharibika, miaka minne Elieshi ndiye aliyemwogesha, Abdiel hakufika, na Njiro anakokaa si Ulaya, gari analo. Alifariki Jumapili tarehe 9 Machi 2025, saa nne asubuhi, mikononi mwa huyo mtoto.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliombeba kwenye tope gari liliposhindwa, na wenzake wa sinema, amebaki Solomoni tu, yule pale. Lala, Nathanaeli, kwa amani uliyoiacha Kagera.

Spika haifiki nje ya turubai, mliokaa pembeni wapelekeeni walioko barabarani: udongo wa kwanza anatupa Elieshi Nathanaeli, Tabea amesema.