Magurudumu ya Mbele Yalikataa

Wasikilizaji wapendwa, haya nimeyapata kwa mjane wa marehemu, Alhamisi iliyopita, siku ya pili baada ya maziko. Tulikaa kwenye benchi la gereji. Yeye akawa anainuka kila mara kufuta vumbi ambalo mimi sikuliona.

Tunamkumbuka fundi makanika mliyemwita Tuone. Ukimpelekea gari bovu hakukwambia ndiyo wala hapana. Alisema "tuone", na hapo kashaingia uvunguni. Chai alikunywa akilizunguka gari. Kwa kinyozi aliwahi kutoka na ndevu za upande mmoja, kisa amesikia injini inakohoa barabarani.

Sasa sikilizeni. Binti yake, kitinda mimba, aliolewa juu mlimani. Uzazi wa kwanza, gari la mkunga lilinasa kwenye tope. Mkunga akamalizia kwa miguu, akakuta kichanga kimeshakata roho. Safari hii binti ni mjamzito tena, mvua ziko njiani, na gari la mkunga ni lile lile, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma tu.

Tuone akaapa litavuta kwa yote manne. Giaboksi aliitoa kwenye pikapu iliyopinduka. Sanduku la kugawa nguvu mbele na nyuma alilitoa kwenye lori kuukuu. Vitu viwili ambavyo havijawahi hata kusalimiana! Akachonga bamba la chuma la kuviunganisha. Akapima, akakata, akachomelea, akakosea, akaanza upya.

Siku ya kulijaribu, mtaa mzima ulitoka. Akatia gia. Gari likarukaruka kama mbuzi kwenye kamba, likazima. Magurudumu ya nyuma yanakwenda mbele, ya mbele yanarudi nyuma!

"Baba watoto," mkewe akasema, "hili gari limejipa talaka."

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Wingu lilikuwa limeshakaa mlimani.

"Usijikondeshe, fundi," mkunga akamwambia. "Nitapanda kwa miguu."

"Hata mara ile ulipanda kwa miguu, dada," akajibu, akarudi uvunguni.

Kosa lilikuwa la kuudhi, wasikilizaji. Gia mbili zikiumana, moja huzunguka huku, nyingine kule. Ndiyo maana sanduku la lori lilikuwa na gia ya tatu katikati, ya kurudisha mzunguko sawa. Yeye aliitoa, ili sanduku lienee chini ya gari. Narudia: aliitoa mwenyewe, kwa haraka zake. Ikabidi abomoe kila alichojenga.

Mvua ikaanza. Mkwe wake akapiga simu: "Baba, uchungu umemshika!" Boliti mbili zilikuwa bado.

"Utazikaza huko huko!" mkewe akafoka, keshaketi garini na mkunga.

Wakafika pale gari liliponasa mara ile. Tope hadi kwenye mlango. Tuone akavuta mkono mfupi wa gia, wa kuamsha magurudumu ya mbele. Magurudumu ya mbele yakashika, ya nyuma yakashika, gari likapanda likinguruma na kunuka oili iliyoungua, mpaka kizingitini kwa binti.

Kulipokucha alizaliwa mtoto wa kike, analia kwa hasira.

"Kakufuata wewe huyu," mkewe akamwambia.

Kwa mjane, kwa wanawe, na kwa mjukuu huyo ambaye leo ni msichana mkubwa: poleni sana, Mungu awatie nguvu. Nasi tuliobaki tujiulize, ni nani anatungoja, nasi tumeshasema njia haipitiki?

Mjane aliniomba niishie asubuhi ile. Mtoto alinyonya, akalala. Mama yake akalala. Mkunga akasinzia kitini. Nje, miguu ya Tuone ilichungulia chini ya gari. Alisema anatazama kama oili inavuja.

"We mzee, inavuja?" mkewe akauliza.

Akajibiwa kwa mkoromo. Akamfunika miguu kwa gunia, akaingia ndani, akajinyoosha ubavuni mwa mwanawe, naye usingizi ukamchukua.