Haja Ndogo Tu

Basi la Dar lilikuwa bado kwenye mashamba ya chai ya Rungwe konda alipotangaza, "Wa kuchimba dawa, chapuchapu!" Abiria wakashuka kuirudisha shambani chai waliyoinywa stendi Tukuyu, wanaume upande huu, wanawake ule.

Tulia hakuinuka. Tangu apasuliwe utumbo, choo chake hutokea tumboni na kuingia kwenye mfuko uliobandikwa chini ya kitenge. Kuumwaga mfuko kunataka maji na mlango, si kichaka.

"Malkia haendi?" aliuliza jirani yake wa kiti, Mama Shadya, muuza vitenge, aliporudi na umande miguuni.

Tulia akamweleza kwa sauti ya kawaida. Ya nini kunong'ona, na basi zima limeshanyamaza lisikie?

"Kumbe unajisaidia hapahapa, huku unanitazama?"

"Hata sasa hivi, mama."

"Una bahati! Sisi tunalowa."

"Tubadilishane basi. Chukua bahati, nipe umande."

"Si ungekaa kijijini kwenu Masoko mpaka upone?"

"Hivi ndivyo nilivyopona."

Mama Shadya akafungua dirisha. "Napenda tu hewa," alisema.

Basi liliposimama kwenye hoteli ya njiani, Tulia akawahi chooni na chupa yake ya maji. Mlango umeandikwa kwa rangi nyekundu: HAJA NDOGO TU.

"Haya, msomi, soma," alisema Mama Shadya, aliyekwisha kumtangulia kwenye foleni.

Tulia akainamia tumbo. "Umesikia wewe?"

Mfuko ukajibu, tena kwa sauti, na foleni nzima ikampisha.