Mwalimu Maximilian na Wimbi Linalopenya Ukuta

Ndugu waombolezaji, kabla sijasoma maisha ya kaka yangu, nawawekea jambo nililoshindwa kulielewa hadi leo: kwa nini mtu asimame mbele ya watu akapotoshe kitu anachokijua vizuri, tena alichojifunza meza moja na huyo anayemwangamiza.

Marehemu Maximilian alizaliwa Mahenge tarehe 12 Oktoba 1951, mtoto wa pili wa mzee Teofili na mama Theodosia, akasoma shule ya msingi hukohuko, sekondari Morogoro, kisha chuo kikuu, alikohitimu fizikia mwaka 1977 pamoja na rafiki yake Fulgensi, ambaye tunaye hapa. Tarehe 5 Julai 1980 alifunga ndoa na Aurelia kanisani Ifakara, wakajaliwa Levina na Venance.

Tangu 1986 alifundisha kidato cha tano na cha sita katika shule ya wazazi karibu na Ifakara, Fulgensi akiwa mkuu wa shule, na waliopita mikononi mwake wanaikumbuka kamba ya ng'ombe aliyoiazima kwa jirani mfugaji, mzee Limbu, akaifunga kwenye nondo za dirisha, akaitikisa mpaka ikafanya matumbo kamili, moja, mawili, matatu, kwa kuwa kamba iliyoshikwa pande zote haikubali tumbo na robo. Akawaeleza kwamba elektroni ndani ya atomu nayo ina mlinganyo wa wimbi, ndiyo maana hukubali viwango fulani tu vya nishati, kwamba wimbi lenyewe halisemi elektroni iko wapi, bali kimo chake kikizidishwa kwa chenyewe hutoa uwezekano wa kuikuta mahali, na kwamba wimbi likigonga ukuta mwembamba halikatiki ghafla, hufifia ndani yake, hivyo mara chache elektroni huonekana upande wa pili, jambo la vitu visivyoonekana kwa macho, si la magunia.

Machi 1994 mpunga ulipotea katika ghala la shule lililofungwa, watu wakanong'ona habari za chuma ulete, uchawi wa kuhamisha mali ya mtu bila kuigusa, na Fulgensi akawaambia wazazi mkutanoni: "Mwenzetu anafundisha vitu kupita ukutani. Muulizeni mpunga umepita wapi." Wapo waliocheka, hakuna aliyemtetea kaka yangu, akafukuzwa kazi wiki hiyohiyo. Ufunguo wa ghala ulikaa ofisini kwa mkuu, wala simwiti mtu mwizi, nasema tu ulipokaa.

Alihamia hapa Mlimba, akalima mpunga, na wapo waliowakataza watoto wao kumwamkia. Moyo ulianza kumsumbua mwaka 1996, akafariki hospitalini Ifakara, Jumanne tarehe 9 Juni 1998.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochimba kaburi, na walimu waliokuja kwa treni kutoka Chita.

Fulgensi amefika na shada, akaomba kusema kwa niaba ya walimu wenzake. Mimi nilishauri aachwe aseme bila sharti, kwa kuwa sijui kilichokuwa moyoni mwake, lakini ukoo ulikaa jana ukaamua aseme, aweke shada na atie udongo, ila kwanza awaeleze waombolezaji ukuta wa kwenye mlinganyo ni ukuta gani. Aurelia alimpelekea uamuzi huo asubuhi, akajibiwa kwamba msibani si darasani.

"Shemeji, hata kwenye mkutano wa wazazi hapakuwa darasani," alimwambia, akalichukua shada mikononi mwa Fulgensi, akalitoa nje ya uzio, basi Fulgensi hatasema hapa, na udongo hataugusa.

Lala, kaka yangu, umefika pa kupumzikia.