Shahidi wa Kisanduku cha Saba

Nyuma ya kiwanda cha kufulia mashuka ya mahoteli, pale ukuta unapotoa mvuke kama ng'ombe aliyekimbizwa, kuna benchi la mbao lenye miguu mitatu na tofali moja. Ukiwakuta watu wamelikalia, ujue ni saa nne, na zile dakika kumi na tano za mapumziko zimeshaanza kuliwa. Mabenchi duniani ni mengi, lakini hili lina elimu kuliko bunge lolote: hapa vimeamuliwa vita vitatu na ndoa mbili, na siku moja jua lenyewe lilihukumiwa kwa kuchelewa kuchomoza. Kahawa ni ya Mama Mvuke, mwanamke wa makamo anayesimamia mashine za kukaushia. Mwenye benchi ni Ibara, mkunjaji wa mashuka, aliyeishia darasa la saba lakini anazijua sheria zote, pamoja na zile ambazo hazijatungwa. Wote wametoka mbali, na wote wameingia nchi hii kwa karatasi ya bosi mmoja. Asubuhi hiyo Ibara alikuwa na fomu gotini na kalamu mkononi, na fomu haikuwa yake.

Ilikuwa ya Taratibu, mwanamume mwembamba aliyeketi pembeni yake, mkono wa kulia umefungwa bandeji toka vidoleni hadi kwenye kiwiko. Jina hilo alipewa kwa sababu neno lenyewe halimkauki mdomoni.

— Soma tena, kaka. Taratibu, lakini.

— "Ombi la kibali wazi cha kazi," — akasoma Ibara kwa sauti ya hakimu. — Sasa sikiliza ueleweshwe. Kibali ulicho nacho kina jina la bosi. Ukitoka kwa bosi, umetoka nchini. Kibali wazi hakina bosi. Unafanya kazi popote, hata ukitaka kumsugua tembo mgongo.

— Na hupewa mtu aliyeonewa kazini, — akasema Taratibu. — Dada mmoja wa ofisi ya vibali alinieleza hivyo. Ila fomu iwe imeingia leo, kabla hawajafunga. Kibali changu kinaisha kesho.

— Kesho? — akadakia Kombora. — Mbona una siku nzima!

Kombora ni dereva wa gari la mashuka, na jina lake linatokana na maneno yake: yanaruka mbali na hayajawahi kupiga yalipoelekezwa.

— Mimi nawashushia mashuka kwenye hoteli wanayolala maofisa wenyewe, — akaendelea. — Bahasha haisomwi, ndugu zangu. Inapimwa kwenye mzani. Ikiwa nyepesi, wanasema huyu hakuonewa sana.

— Kwa hiyo atie na hili tofali la benchi? — akauliza Mama Mvuke, akimimina kahawa bila kuinua macho.

— Atie picha. Picha ina uzito wake.

Ibara hakuweza kukaa akashindwa na dereva. Akaweka kalamu sikioni.

— Mzani ulikuwa zamani. Shemeji yangu aliomba kibali wazi, wakampa kilichokuwa wazi kupita kiasi. Asubuhi fundi bomba, mchana anang'oa watu meno, jioni kaajiriwa kwenye ofisi ile ile ya vibali. Mwaka uliofuata ikaletwa mezani kwake fomu yake mwenyewe.

— Akaipitisha?

— Akaikataa! Alisema mwombaji huyu namjua, ni mwongo.

Wakacheka, kicheko cha watu walioamka saa kumi alfajiri, kinachoanza vizuri kisha kinakaa chini. Taratibu naye alicheka, ila mkono wake haukusogea.

— Siku hizi wana mashine ya kunusa, — Kombora akarudi. — Unaipitisha fomu, ikisikia harufu ya woga inapiga king'ora.

— Miaka sita tunanuka sabuni, — akasema Mama Mvuke. — Itatudhani shuka, itatukunja.

— Haiwezi kumkunja mtu mwenye haki! — Ibara akapiga goti. — Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu ana miaka minne hapa. Jembe ni nini? Jembe ni kibali. Kwa hiyo wao ndio wamechelewa!

— Wahenga hawakusema hivyo, — akasema Mama Mvuke.

— Walikusudia.

— Na mkono mtupu haulambwi, — Kombora akachomekea. — Wako umejaa bandeji, wataulamba tu.

Kombora akatazama ndani ya kikombe chake kana kwamba methali iliangukia humo.

— Tuendelee, — akasema Ibara. — Kisanduku cha sita: "Eleza yaliyokupata."

Taratibu alieleza kama mtu anayesoma namba ya simu. Wiki tatu zilizopita, saa mbili asubuhi, ile pasi kubwa namba mbili, mashine inayomeza shuka bichi na kulitoa limenyooka, ilimvuta mkono pamoja na shuka. Bosi alimwambia autie maji, amalizie mashuka yaliyobaki. Jioni daftari la ajali likaandikwa kwamba aliungua jikoni kwake.

— Kwani una jiko? — akauliza Kombora.

— Tunalala wanne chumba kimoja. Tuna birika la umeme, nalo limeharibika.

Ibara aliandika yote, herufi zimenyooka kama mashuka ya chumba cha matajiri. Alipofika kisanduku cha saba kalamu ikasita. Kilikuwa kimeandikwa: jina na saini ya mtu aliyeona. Akakohoa, akashuka hadi cha nane.

— Umekiruka tena, kaka.

— Sijakiruka. Nimekipumzisha.

— Dada wa ofisini alisema bila hicho watachukua maneno ya daftari.

Kila mmoja akaanza kujitetea kabla ya kushtakiwa.

— Mimi nilikuwa barabarani, — akasema Kombora. — Gari ni shahidi.

— Mimi nilikuwa nyuma ya mashine zangu, — akasema Mama Mvuke. — Nilisikia ukelele. Wangeweka kisanduku cha masikio ningesaini mara mbili.

— Penye wengi hapaharibiki neno, — akasema Ibara. — Sisi ni wengi na hatukuona, basi neno limepona. Tena sheria inaruhusu, ibara ya kumi na nne: shahidi anaweza kuwa mashine yenyewe. Tuandike hapa, Pasi Kubwa Namba Mbili.

— Isaini kwa mvuke! — Kombora akafurahi kuokolewa.

Hapo ndipo mlango wa nyuma ulipofunguka, akatoka mwanamke ndani ya ovaroli iliyomzidi, mikono ameikunja mara tatu. Alikuwa ameanza kazi jana. Alisalimia kwa heshima, Mama Mvuke akampa kikombe kilichojaa nusu, naye akabaki amesimama.

— Samahani, wakubwa zangu. Leo nimehamishiwa pasi namba mbili. Pale mbele, shuka linapoingilia, kuna matundu manne ya skrubu. Palikuwa na nini?

Kombora akaanza kutafuta funguo za gari zilizokuwa mkononi mwake.

— Palikuwa na kinga, mwanangu, — Mama Mvuke akajibu mwishowe. — Ya kuzuia vidole.

— Nani aliitoa?

Swali dogo, la maneno mawili. Mama Mvuke akainamisha chupa ya kahawa, yakatoka matone mawili, akaendelea kuinamisha.

Ibara alikuwa akiitazama fomu, lakini alichokiona ni bisibisi yenye mpini wa njano. Bosi alikuwa amesimama mgongoni mwake: mashuka yanakwama, mahoteli yanapiga simu, fungua hiyo kitu bwana, utakuja kunishukuru. Naye akafungua. Skrubu ya kwanza ilikuwa ngumu, ya nne ilitoka kwa vidole. Kesho yake saa mbili asubuhi yeye ndiye aliyekuwa hatua mbili kutoka pale, na yeye ndiye aliyebonyeza kitufe chekundu cha kuizima. Alikuwa na sababu zake za kunyamaza, na si za kitoto. Mke wake, ambaye hajamwona kwa miaka miwili, alikuwa akingoja karatasi za kumfuata huku, na barua inayobeba karatasi hizo ni ya bosi. Bosi akikunja uso, safari ya mke imekunjwa.

Lakini lililomchoma halikuwa hilo. Ile siku skrubu zinatolewa, Taratibu alikuwa amesimama palepale, ameshika shuka, akingoja pasi iwashwe. Aliona mkono wa nani ulishika bisibisi. Wiki tatu hakuuliza, hakunung'unika, hakumtazama vibaya. Na leo, katika watu wote wanaojua kuandika, fomu kamletea yeye.

Kengele ikalia. Kombora alikuwa wa kwanza kuinuka, akisema foleni ya barabarani haimngoji mtu. Mgeni akarudisha kikombe.

— Basi sijajibiwa, — akasema, si kwa ukali. Akageuka kwenda zake.

— Dada, — akaita Ibara. — Ile pasi usiiguse. Bosi akikuuliza, mwambie nimekukataza mimi.

— Nimwambie amenikataza nani?

Akamtajia jina lake, lile la kwenye paspoti. Benchi halikuwahi kulisikia hata siku moja. Kombora akageuka, akidhani kuna mtu mwingine amefika.

— Mwambie pia kinga niliitoa mimi, kwa amri yake.

— We Ibara, — akanong'ona Mama Mvuke. — Na mkeo?

Kwa mara ya kwanza tangu benchi lile liwekewe tofali, Ibara hakuwa na kifungu cha sheria. Akaiweka fomu sawasawa gotini na kuandika jina lile lile kwenye kisanduku cha saba, polepole, kama mtu anayebeba ndoo iliyojaa. Akatia saini. Pembeni ya saini palikuwa na kistari kifupi ambacho hawakuwa wamekiona.

— Wanauliza hapa, — akasema. — Mimi ni nani wako.

Taratibu alifikiri. Ndani mashine zilikuwa zimeshaanza kunguruma, na bosi alikuwa mlangoni akihesabu vichwa.

— Andika jirani wa mashine, — akasema.

Ibara akaandika.